Seti ya kuzalisha seli safi za misuli ya moyo: tathmini baada ya mizunguko minne

Nimeitumia seti hii kwa mizunguko minne kamili, kuanzia seli shina za binadamu (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) zilizotanda chini ya kisahani hadi seli za misuli ya moyo zinazodunda zenyewe, na hukumu yangu naitanguliza kwa ajili ya msomaji mwenye haraka: kimiminika cha kusafishia kilichomo ndani yake ni bora kuliko nilivyotarajia, dawa za kugeuza seli ni za kawaida tu, na kijitabu cha maelekezo kina upungufu ulionipotezea mzunguko mzima. Jina la mtengenezaji silitaji. Bidhaa za namna hii zinauzwa na kampuni kadhaa, zote zimejengwa juu ya kanuni zilezile, na ninayoyasema hapa yatamfaa hata mtu atakayenunua sanduku lenye nembo nyingine.

Sanduku linakuja na kimiminika cha kukuzia kisicho na insulini, kimiminika kingine chenye insulini kwa ajili ya siku za baadaye, vichupa viwili vidogo vya dawa za kugeuza seli, na chupa moja ya kimiminika cha kusafishia ambacho hakina glukosi. Seli shina zenyewe, sahani, na protini ya kupaka chini ya sahani ili seli zishike, mnunuzi anajitafutia. Kingamwili za kupimia usafi, yaani protini zinazonata kwenye seli za aina fulani tu, nazo hazimo, na hilo ni jambo nitakalolirudia, kwa sababu bidhaa inayouzwa kwa sifa ya usafi ingepaswa kumpa mnunuzi njia ya kuuthibitisha.

Kwanza niseme kwa nini usafi ni jambo kubwa kiasi hicho. Moyo wa mtu mzima karibu haujirudishii seli zake. Mwaka 2009 watafiti wa taasisi ya Karolinska nchini Sweden, kwa kutumia kaboni iliyoachwa hewani na majaribio ya silaha za nyuklia kama saa ya kupimia umri wa seli, walikadiria kwamba mtu wa miaka 25 hubadilisha takriban asilimia 1 ya seli za misuli ya moyo wake kwa mwaka, na kwamba kufikia miaka 75 kiwango hicho hushuka hadi asilimia 0.45. Shambulio kubwa la moyo, kwa upande wake, linaweza kuua seli zinazokaribia bilioni moja. Ndiyo maana tunahangaika kuzitengeneza nje ya mwili. Lakini kisahani kinachochanganya seli za moyo na seli nyingine kina hatari mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ya mgonjwa: seli shina chache zilizokwepa kugeuka zikipandikizwa mwilini zinaweza kukua na kuwa uvimbe wa aina ya teratoma, wenye mchanganyiko wa tishu mbalimbali. Ya pili ni ya mtafiti, na huisahau kwa urahisi: seli za misuli ya moyo karibu hazigawanyiki baada ya kugeuka, ilhali fibroblasti, seli za tishu unganishi, zilizo jirani yake zinaendelea kugawanyika kila siku. Kisahani chenye seli tisa za moyo katika kila kumi wiki hii hakitakuwa hivyo mwezi ujao. Anayepima athari ya dawa katika kisahani cha namna hiyo anaweza kusoma majibu ya fibroblasti huku akidhani anasoma ya moyo.

Kuhusu hatua ya kugeuza seli, seti inafuata njia ambayo wengi wetu tumeizoea. Ni vizuri kukumbuka tulikotoka ili tuithamini ipasavyo. Mwaka 2001, kikundi cha watafiti wa Technion nchini Israeli kilipoonyesha seli za moyo zilizotokana na seli shina za kiinitete cha binadamu, seli hizo ziliachwa zijikusanye kuwa vibonge vinavyoelea, na ni takriban asilimia 8 tu ya vibonge vilivyopata sehemu inayodunda. Kazi kubwa ilikuwa kusubiri na kutumaini. Mwaka 2007 kikundi cha Charles Murry na Michael Laflamme katika Chuo Kikuu cha Washington kilitumia protini mbili, activin A na BMP4, juu ya seli zilizotanda bapa, na zaidi ya asilimia 30 ya seli zikawa za moyo. Kisha mwaka 2012 Xiaojun Lian, Sean Palecek na wenzao wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichapisha njia ya dawa mbili ndogo ambayo ndiyo mhimili wa seti hii: kuiamsha njia ya ishara iitwayo Wnt mwanzoni, halafu kuizima siku chache baadaye. Katika mikono yao njia hiyo ilitoa kati ya asilimia 80 na 98 ya seli za moyo bila kuhitaji protini za gharama kubwa.

Mantiki yake inapendeza kwa sababu inafuata kile ambacho kiinitete chenyewe hufanya. Ishara ya Wnt inapoamshwa, seli shina huingia katika tabaka la kati la kiinitete, ambako ndiko damu, misuli na moyo hutokea. Ishara hiyohiyo ikiachwa iendelee, huzuia seli zisichague njia ya moyo. Kwa hiyo dawa ya kwanza, CHIR99021, huwekwa kwa takriban siku moja, na ya pili, ambayo katika seti hii ni IWP2, huwekwa kuanzia siku ya tatu hadi ya tano. Insulini huondolewa katika wiki ya kwanza kwa sababu nayo huzuia hatua hii, kisha hurudishwa baadaye. Mambo yakienda sawa, kati ya siku ya nane na ya kumi na mbili mtu huweka kisahani chini ya hadubini na kuona sehemu ndogo ikishtuka, inatulia, inashtuka tena. Nimefanya kazi hii kwa miaka kadhaa na bado siku hiyo huwaita wenzangu waje kutazama.

Mzunguko wa kwanza haukufika huko. Dawa ya pili ina tabia inayojulikana na kila aliyewahi kuitumia: haiyeyuki kwa urahisi, na kichupa kikitoka kwenye friji ya kugandisha hubaki na chembechembe nyeupe zisizoonekana vizuri kwa macho. Inabidi kipashwe moto hadi nyuzi 37 na kutikiswa mpaka kimiminika kiwe angavu kabisa. Kijitabu kilisema tu kwamba dawa iachwe iyeyuke katika joto la chumba kisha ichanganywe. Nilifuata maneno hayo kama yalivyoandikwa, kwa kuwa nilitaka kuitathmini seti kama ambavyo mtu mgeni angeitumia, na siku ya nne nikaona fuwele ndogo kama sindano zimetapakaa juu ya seli. Siku ya kumi na tano hakuna kilichodunda. Nilipowaandikia watengenezaji walijibu kwa adabu, wakanitumia kichupa kingine, lakini kijitabu kilichokuja nacho kilikuwa na sentensi ileile. Kosa la sentensi moja limeangamiza wiki mbili za kazi na seli ambazo zilikuwa zimetunzwa kila siku, sikukuu zikiwemo, na ninasikitika kufikiria kwamba mwanafunzi anayeanza angedhani mikono yake ndiyo mibovu.

Mzunguko wa pili, nikiwa nimeipasha dawa moto, ulienda vizuri kwa ukoo wa seli (seli zote zilizotokana na chanzo kimoja) niliouzoea zaidi: kabla ya kusafisha, takriban seli saba katika kumi zilikuwa za moyo. Mzunguko wa tatu niliufanya kwa ukoo mwingine, uliotengenezwa kutoka kwa ngozi ya mtu mzima kwa njia ambayo Shinya Yamanaka aliianzisha kwa panya mwaka 2006 na kwa binadamu mwaka 2007, na hapo seti ikaonyesha udhaifu wake wa pili. Kijitabu kinatoa kipimo kimoja cha CHIR99021 kwa seli zote na msongamano mmoja wa kuanzia. Kila anayefanya kazi hii anajua kwamba koo za seli hazifanani: kipimo kinachofaa huangukia mahali fulani kati ya mikromola 6 na 12, na tofauti ndogo ya msongamano siku ya mwanzo inatosha kuamua kama kisahani kitadunda au kitajaa seli zisizojulikana. Kwa kipimo cha kijitabu nilipata chini ya nusu. Katika mzunguko wa nne nilijaribu vipimo vinne katika visima vya sahani moja, nikapata kilichofaa, na matokeo yakalingana na ya ukoo wa kwanza. Ukurasa mmoja tu wa kumweleza mnunuzi afanye jaribio hilo dogo kabla ya kuanza kazi kubwa ungetosha.

Sasa nije kwenye chupa ya kusafishia, kwa sababu kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kununuliwa. Kanuni yake ilichapishwa mwaka 2013 na Shugo Tohyama, Keiichi Fukuda na wenzao wa Chuo Kikuu cha Keio nchini Japani, nami naiona kuwa mojawapo ya mawazo mazuri zaidi katika fani hii. Badala ya kuzitafuta seli za moyo moja moja, wao waliuliza ni chakula gani ambacho seli za moyo zinaweza kukitumia na nyingine haziwezi. Seli shina huishi kwa kuchoma glukosi kwa haraka bila kuimaliza, pamoja na glutamini, aina ya asidi amino. Seli ya misuli ya moyo ina mitokondria nyingi, yaani vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, na inaweza kuishi kwa laktati, kile kitu ambacho misuli iliyochoka hukitoa kama taka. Ondoa glukosi, weka laktati, kisha subiri. Zisizo za moyo hufa njaa. Za moyo huendelea. Watafiti hao walifikia usafi wa hadi asilimia 99, na katika kazi yao ya mwaka 2016 walionyesha kwamba glutamini nayo ikiondolewa, seli shina zilizobaki hufa kwa haraka zaidi.

Ukiitazama hatua hii chini ya hadubini utaogopa mara ya kwanza. Siku ya pili kimiminika kimejaa uchafu, seli zilizokufa zinaelea kama unga, na kasi ya mapigo imebadilika. Usiikatize. Kimiminika kibadilishwe kila baada ya siku mbili ili mabaki ya seli zilizokufa yasigeuke kuwa chakula cha zile zinazotakiwa kufa. Kufikia siku ya nne au ya tano, mapengo yanaonekana mahali palipokuwa na seli bapa zisizodunda, na kati ya mapengo hayo kuna visiwa vya seli nene, zenye kung'aa pembezoni, zinazodunda kwa pamoja. Nilipozirudisha kwenye kimiminika cha kawaida zilipata nguvu ndani ya siku mbili. Katika mizunguko yote mitatu iliyofaulu, hatua hii ilipandisha usafi hadi zaidi ya tisa katika kumi, hata pale nilipoanza na chini ya nusu. Hilo la mwisho ndilo lililonivutia zaidi, ingawa lina bei yake: ukianza na nusu, unamaliza na seli chache, tena zilizotawanyika kiasi kwamba inabidi kuzing'oa na kuzipanda upya karibu karibu, na seli za moyo hazipendi kung'olewa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na maandishi yaliyo juu ya sanduku. Yanaahidi usafi wa asilimia kubwa, lakini hayasemi ni seli ngapi zinabaki kwa kila seli shina milioni moja zilizopandwa, hayasemi usafi ulipimwa siku ya ngapi, wala hayasemi ulipimwa kwa alama gani, yaani protini gani ya kuzitambulisha seli za moyo. Usafi bila idadi ni nusu ya habari. Mtu anaweza kupata kisahani safi kabisa chenye seli zisizotosha jaribio moja.

Tena mnunuzi asidanganywe na mapigo. Seli za moyo zimeunganishwa kwa milango midogo inayopitisha umeme kutoka seli hadi seli, na zinapovuta huburuta pia zilizo jirani yake. Tandiko lenye nusu ya seli za moyo linaweza kuonekana lote likidunda. Kipimo ninachokiamini ni kuzitenganisha seli, kuziua na kuzitoboa kwa utaratibu, kuzipaka kingamwili inayoshika troponini T ya moyo (protini ya misuli ya moyo), kisha kuzipitisha katika mashine inayohesabu seli moja moja kwa mwanga wa leza, pamoja na sampuli ya ulinganisho ambayo haikupakwa kingamwili hiyo. Seli zilizokwishakufa kabla ya kipimo zibaguliwe kwa rangi yake, kwa sababu hunasa kingamwili ovyo na kuupandisha usafi usiokuwepo. Mara ya kwanza nilipopima bila kuzibagua nilipata jibu zuri kupita kiasi, nikalifurahia kwa saa chache, kisha nikarudia kipimo na kulishusha.

Kuna njia nyingine za kusafisha, na haki inanitaka nizitaje kwa sababu mnunuzi anazo kichwani anapofikiria gharama. Mwaka 1996 kikundi cha Loren Field kiliingiza katika seli shina za panya jeni la kuhimili dawa, lililofungwa kwenye swichi inayowashwa ndani ya seli za moyo pekee, na dawa ilipowekwa zikabaki zaidi ya asilimia 99 za moyo. Njia hiyo ni safi sana, ila inabadilisha jeni za seli. Mwaka 2011 kikundi cha Gordon Keller nchini Kanada kilionyesha kwamba protini SIRPA, inayokaa juu ya seli za moyo za binadamu, inaweza kushikwa na kingamwili, na kwa mashine ya kuchambua seli usafi ukafika asilimia 98. Mwaka 2013 watafiti wa Emory na Georgia Tech walitumia vipande vidogo vya asidi nukleiki vinavyong'aa vinapokutana na ujumbe wa jeni la moyo ndani ya seli hai, wakapata takriban asilimia 97 bila kugusa jeni. Zote ni njia nzuri, lakini mbili za mwisho zinahitaji mashine ya kuchambua seli, na seli za moyo hupita humo kwa mateso: ni kubwa, ni dhaifu zikiwa peke yake, na nyingi hazishiki tena kwenye kisahani. Njaa ya glukosi inazisafisha zikiwa zimekaa palepale, kwa idadi yoyote, katika kila kisahani kwa wakati mmoja. Kwa maabara isiyo na mashine hiyo hakuna ushindani.

Jambo moja ambalo hakuna seti inayolitatua, na hii haidai kulitatua, ni uchanga wa seli. Seli safi si seli pevu. Zinazotoka kwenye kisahani zinafanana na za moyo wa mtoto aliye tumboni: nyuzi zake za kuvutia hazijapangwa sawasawa, hazina mifereji ile inayopeleka umeme ndani kabisa ya seli, na zinadunda zenyewe bila kuamriwa, jambo ambalo seli ya ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya mtu mzima haifanyi ikiwa imetulia. Uchanga huu una maana halisi. Mwaka 2014 kikundi cha Murry kilipandikiza seli bilioni moja katika mioyo ya nyani. Misuli mipya iliota na kuungana na ya zamani, lakini wanyama walipata mapigo yasiyo na mpangilio. Aidha troponini T haitofautishi seli za ventrikali na za atria (vyumba vya juu vya moyo) wala zile zinazoongoza mapigo. Kwa hiyo kisahani chenye usafi wa asilimia 99 kwa kipimo hicho bado kinaweza kuwa mchanganyiko, na mtu anayechunguza maradhi ya ventrikali pekee atahitaji alama ya ziada, kama protini MLC2v.

Nani basi ainunue? Wanaopima madhara ya dawa kwa mapigo ya moyo watafaidika zaidi, kwa sababu seli safi hutoa majibu yanayorudiwa, na kazi hiyo ina uzito: dawa ya mzio iitwayo terfenadine iliondolewa sokoni katika miaka ya 1990 baada ya kuonekana kuvuruga mapigo hadi kuua, na tangu mwaka 2013 mpango wa kimataifa uitwao CiPA umeziweka seli hizi miongoni mwa zana za kugundua hatari hiyo mapema. Wanaojenga vipande vya tishu wafikiri mara mbili. Tishu ya moyo iliyo imara huhitaji fibroblasti kiasi, ingawa hata wao ninawashauri wasafishe kwanza kisha waongeze fibroblasti kwa kipimo wanachokijua, badala ya kubaki na zile zilizojitokea. Wanaotaka kupandikiza kwa wagonjwa wajue kwamba seti hii imeandikwa wazi kuwa ni ya utafiti tu.

Mimi mwenyewe sitanunua tena sanduku zima. Dawa mbili nitazinunua peke yake na kuziyeyusha kwa mkono wangu, na chupa ya kusafishia nimeshaagiza nyingine tatu. Ningependa toleo lijalo liandikwe juu yake idadi ya seli zilizobaki, siku ya kipimo na jina la alama iliyotumika; kwa sasa mambo hayo matatu ninayaandika mimi kwa kalamu kwenye kifuniko cha kila chupa ninayoifungua.